Vumbi la makumbi kwa maji ya rangi ya ukindu

Anayepika rangi za unga kwa ajili ya ukindu wa mikeka asimwage maji yaliyobaki shambani au karibu na kisima. Ayaache yapoe, atie vumbi la makumbi ya nazi lililochekechwa na kuoshwa kwa maji ya moto hadi maji yake yasiwe tena na wekundu, akoroge, ayaache usiku kucha, kisha achuje kwa kitambaa kizito. Kuosha ni lazima, kwa sababu makumbi mabichi hutoa rangi yake ya kahawia na kuyachafua upya maji tunayotaka kuyasafisha.

Makumbi yana selulosi na lignini, vitu vinavyojenga nyuzi za mimea, ambavyo katika maji yasiyo na asidi nyingi huwa na chaji hasi juu ya nyuso zake, na hivyo huvuta na kushika rangi zenye chaji chanya, kama methilini ya bluu, pamoja na madini kama risasi na shaba. Ndiyo maana ndimu au siki huharibu kazi: asidi huizima chaji hiyo. Chumvi nyingi pia hushindana na rangi kugombea nafasi hizo hizo zenye chaji hasi, na rangi zenye chaji hasi, ambazo ni nyingi katika vitambaa vya pamba, hupita karibu zote.

Maji kuwa meupe hakuthibitishi kwamba risasi imekwisha, kwani haionekani kwa macho. Kwa hiyo yasinywewe kamwe. Makumbi yaliyotumika yasitiwe kwenye bustani ya mboga wala jikoni kama kuni.