Ubwiri wa zabibu: ukame wa Dodoma si kinga

Unga mweupe ukitokea kwenye vichala wakati mvua imekatika, wakulima wengi hudhani ni vumbi la kiangazi. Pangusa kwa kidole. Chini ya vumbi tunda ni safi. Chini ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, tunda lina mistari ya kahawia kama wavu. Baadaye hupasuka hadi mbegu zionekane.

Ugonjwa huu asili yake ni Amerika Kaskazini. Mwaka 1845 ulionekana Margate, Uingereza, ukaenea hadi Ufaransa. Kwetu unaishi vizuri kwa sababu hauhitaji jani lililolowa: joto la nyuzi 20 hadi 27 na kivuli cha majani yaliyosongamana vinautosha.

Nduguye, ubwiri vinyoya (kisayansi si ukungu halisi, ila mkulima hapungukiwi kitu akiuita hivyo), huhitaji maji. Huibuka masika: juu ya jani madoa ya njano kama ya mafuta, chini yake manyoya meupe. Kosa kubwa ni kutibu mmoja kwa dawa ya mwingine.

Ubwiri unga dawa yake ni salfa. Ile ya kuchanganya na maji, yenye nguvu ya asilimia 80, weka gramu 40 hadi 60 kwa bomba la lita 20, ila kibandiko cha dawa ndicho cha kufuata. Anza machipukizi yakifika sentimita 10 hadi 15, rudia kila siku 10 hadi 14, uache zabibu zikianza kubadilika rangi. Pulizia asubuhi, joto likizidi nyuzi 32 salfa huunguza majani.

Kwa vinyoya, tumia mrututu (chumvi ya shaba ya buluu) na chokaa, gramu 200 kila kimoja kwa lita 20, kabla madoa hayajaonekana. Yeyusha mrututu kwenye ndoo ya plastiki, maana hula chuma. Koroga chokaa kando, kisha mimina mrututu ndani ya chokaa huku ukikoroga. Chovya msumari safi kwa dakika moja: ukitoka na wekundu wa shaba, ongeza chokaa, la sivyo majani yataungua. Tumia siku hiyohiyo.

Ukipogoa, choma matawi yenye ugonjwa, kwani ubwiri unga hujificha ndani ya macho ya tawi. Kwa hiyo usichukue vipando kwenye shamba lililougua, hata ukipewa bure. Vya kutoka nje ya nchi visiingie bila kibali cha TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania.