Kontena la futi 20 kwa skeli 1/35: sanduku moja, mbinu nne za kuchubua rangi

Aliyezoea kujenga modeli za ndege tu, au za vifaru tu, hufika mahali akaogopa mbinu mpya, kwa sababu kosa lolote linaangukia modeli aliyoigharamia kwa pesa na miezi ya kazi. Kontena linaondoa hofu hiyo. Halina kona ya mviringo, linajengwa kwa plastiki tupu bila kununua seti ya modeli ya kiwandani, na kuta zake zimetenganishwa na nguzo: ukiharibu ubavu wa kushoto, wa kulia uko salama. Hapa kila upande unapewa mbinu yake. Ubavu wa kushoto ni spreyi ya nywele (inayolainishwa na maji chini ya rangi), wa kulia ni chumvi, paa ni rangi mbili juu ya nyingine, milango ni sponji. Ukuta wa mbele unabaki kuwa wa kujaribia, na baadaye utageuziwa nyuma.

Vipimo

Kontena la kawaida la futi 20 lina urefu wa mm 6,058, upana wa mm 2,438 na kimo cha mm 2,591. Ukigawa kwa 35 unapata 173.1, 69.7 na 74.0. Kata plastiki ya polistirini ya unene wa mm 1:

- mbavu 2: mm 170 × 73.5
- ncha 2: mm 64.7 × 73.5
- paa na sakafu: mm 168 × 64.7
- viunzi vya ndani 2: mm 64.7 × 71.5

Plastiki ya mabango ya matangazo inafaa, ila nyingine ni PVC, na gundi ya plastiki haiishiki. Tia tone la gundi pembeni, subiri nusu dakika, ukwaruze kwa kucha. Ikilainika ni polistirini. Ikibaki ngumu, tumia supagluu au tafuta nyingine. Kadibodi pia hujenga kontena zuri, lakini si kwa somo hili, maana kuchubua kunahitaji maji na kadibodi itavimba.

Hatua ya 1: sanduku

Gundisha ubavu mmoja na sakafu, ukague kwa gonia, kisha ncha, viunzi viwili vya ndani (kila kimoja theluthi ya urefu), ubavu wa pili, na paa mwishoni. Kabla ya kufunga paa, toboa sakafu matundu mawili ya mm 3 na kila kiunzi tundu moja. Usiruke hili. Mvuke wa gundi ukifungiwa ndani huendelea kulainisha plastiki, na baada ya wiki mbili utaona mbavu zimebonyea. Liache sanduku likauke usiku kucha.

Hatua ya 2: migongo ya ukuta

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo modeli nyingi za kontena zinapoonekana kama bati la kuezekea nyumba. Ukuta wa kontena hauna mawimbi ya mviringo. Una mgongo bapa, mteremko, bonde bapa, mteremko. Kwenye kontena halisi la aina iliyozoeleka, kutoka mgongo hadi mgongo ni mm 278 na kina ni mm 36. Kwa 1/35 hiyo ni mm 7.9 na mm 1. Uso wa mgongo ni mm 2, bonde ni mm 2, na kitako cha mgongo pamoja na miteremko yake ni mm 6.

Kata vipande vya plastiki ya mm 1, upana mm 6, urefu sentimita 30. Bandika kimoja juu ya kioo kwa tepu ya pande mbili, chora mistari miwili ya penseli, kila mmoja mm 2 kutoka ukingoni. Sasa shika kisu kama unayekwangua magamba ya samaki, makali yakifuata nyuma, ukwangue toka kwenye mstari kwenda ukingoni hadi ukingo ubaki mwembamba kama karatasi. Malizia kwa msasa namba 400 uliogundishwa kwenye kijiti bapa. Kukwangua kipande kirefu kisha kukikata ni rahisi kuliko kukwangua vifupi: kila kipande cha sentimita 30 kinatoa vinne vya mm 67.5. Unahitaji 20 kila ubavu na 7 ukuta wa mbele, jumla 47, yaani vipande virefu 12.

Usipange migongo kwa kutegemea wa jirani peke yake. Ukikosea mm 0.1 kila mara, mgongo wa ishirini utakuwa umehama mm 2. Chora mistari ya katikati kwenye ubavu mzima kwanza, mm 7.9 kila mmoja, ukiacha mm 10 hivi kutoka kila mwisho hadi mstari wa kwanza, halafu ndipo ugundishe. Gundi iwe kidogo. Ile nyepesi inayotambaa huingia chini ya ukingo mwembamba na kuuyeyusha.

Hatua ya 3: fremu, kona na milango

Nguzo na mihimili yote ni plastiki ya mm 1.5, kama huna, gundisha ya mm 1 na ya mm 0.5. Mhimili wa chini una kimo cha mm 4.6, wa juu mm 1.7, nguzo za pembeni upana mm 5. Kwa kuwa fremu ina mm 1.5 na migongo mm 1, migongo itabaki ndani kidogo, kama ilivyo kwenye kontena la kweli, ambako fremu ndiyo inayopokea vishindo.

Kona nane za chuma za kunyanyulia zina mm 5.1 kwa urefu wa kontena, mm 4.6 kwa upana na mm 3.4 kwa kimo. Kata pembe za sanduku, gundisha vibonge, halafu toboa. Tundu la juu ni la duara refu, karibu mm 3.5 × 1.8: toboa matundu matatu ya mm 1.5 yakifuatana na uyaunganishe kwa ncha ya kisu. Mhimili wa chini una mifuko miwili ya uma za foklifti, kila mmoja mm 10 × 3.3, kutoka katikati hadi katikati mm 59.

Milango ni vipande viwili vya plastiki vya mm 30 × 66.5, kila kimoja na nondo mbili za kufungia. Waya wa mm 1 unatosha kabisa kwa nondo. Michoro ya bamba la mlango inatofautiana kontena hadi kontena, hivyo tafuta picha moja uifuate hiyo hiyo. Kuchanganya picha tatu ndiko kunakozaa mlango usiokuwepo duniani.

Hatua ya 4: praima na kutu

Osha modeli kwa maji na sabuni ya vyombo. Puliza praima kutoka sentimita 25 hadi 30, mikono (yaani matabaka) miwili au mitatu myepesi. Praima ya magari inafaa, ila ikimwagika nzito huila plastiki.

Kutu ipakwe modeli nzima: akriliki ya Tamiya XF-64 (hudhurungi nyekundu) kama msingi, halafu madoa ya XF-52 (rangi ya udongo) na XF-10 (hudhurungi) kwa sponji bila mpangilio. Kutu ya rangi moja huonekana kama chokoleti. Subiri saa 24, kisha funga kwa vanishi ya laka, mati (isiyong'aa). Hii ndiyo ngao yako; bila hiyo brashi yenye maji itapita kwenye kutu na kufika kwenye plastiki.

Hatua ya 5: paa kwanza

Funika mbavu kwa karatasi na maskingi tepu. Hapa tepu inaruhusiwa kwa sababu chini yake kuna laka. Puliza spreyi ya nywele paani, kausha, paka rangi ya zamani ya kontena, tuseme XF-9 (hudhurungi ya kutu), uichubue kama ilivyoelezwa kwenye hatua ya 7, kausha saa 24, funga kwa laka. Kontena lililouzwa na kupakwa rangi upya lina historia ya namna hiyo: chini ya buluu kuna hudhurungi, na chini ya hudhurungi kuna kutu.

Hatua ya 6: spreyi, chumvi, halafu rangi ya juu

Spreyi ya nywele iwe ile ya kushikilia nywele, ya bei ya chini kabisa dukani. Usichukue ile ya kung'arisha nywele. Hiyo ni mafuta, na rangi itakaa juu yake dakika tano tu kisha ijikunje matone. Puliza ubavu wa kushoto na paa kutoka sentimita 20, mikono miwili myepesi, dakika 15 kati yake.

Laza modeli, ubavu wa kulia uwe juu. Lowesha kwa brashi sehemu unazotaka kutu, nyunyiza chumvi ya mezani pamoja na punje chache za chumvi ya mawe, acha ikauke kabisa. Chumvi inatoa madoa yenye kingo za kuchongoka, yaliyojitenga. Spreyi inatoa michubuko na mikwaruzo yenye mwelekeo. Ukitazama ubavu kwa ubavu utajua ipi inafaa kazi ipi.

Rangi ya juu ipulizwe modeli nzima kwa mkupuo mmoja. Ukifunika kwa tepu juu ya rangi iliyolala kwenye spreyi, tepu itaondoka nayo. Chagua buluu au kijani. Nyekundu ya kontena inafanana mno na kutu kwa mtu anayejifunza. XF-8 (buluu) sehemu tatu na XF-2 (nyeupe) sehemu moja, iliyochanganywa na X-20A (thina ya akriliki ya Tamiya) nusu kwa nusu, shinikizo la brashi ya hewa karibu bar 1, mikono myembamba inayokauka upesi. X-20A ina alkoholi, na ukipuliza hadi rangi ilowe, inayeyusha spreyi iliyo chini na kushikana nayo. Thina ya laka usiitumie hapa kabisa, rangi itauma isitoke tena.

Hatua ya 7: kuchubua

Anza baada ya nusu saa, umalize siku hiyo hiyo. Lowesha eneo la kama sentimita 3 kwa maji ya vuguvugu, subiri sekunde 30 hadi 60, halafu gonga kwa brashi ngumu iliyofupishwa. Gonga, usisugue. Rangi itaanza kuachia kwa vipunje. Ukishaona tundu la kwanza, lipanue kidogo kidogo kutoka kingoni. Kwa mikwaruzo tumia kijiti cha meno kilichochovywa majini.

Fikiria kontena linapata wapi majeraha. Kona za chuma hugongwa na kreni kila safari, kwa hiyo pale rangi karibu iishe. Mifuko ya foklifti na kingo za mhimili wa chini zinafuata, kisha kizingiti cha mlango, kisha nyuso za migongo zinazokwaruzwa. Ndani ya mabonde hakuguswi na kitu, na anayechubua mabonde sawasawa na migongo ameshaharibu ukuta wake. Chumvi iondolewe kwa kidole kikavu kwanza, halafu kwa brashi yenye maji, mpaka isibaki hata punje. Ikibaki, itachanua weupe chini ya vanishi.

Rangi ikikataa kutoka, sababu huwa moja kati ya tatu: ilipakwa nene, ilikaa siku kadhaa, au haikuwa akriliki ya aina hii. Ongeza matone mawili ya dawa ya kusafishia vioo yenye amonia kwenye kikombe cha maji, ujaribu ukuta wa mbele kwanza. Ikitoka kwa mapande kama ngozi ya vitunguu, spreyi ilizidi, au umetumia rangi ya aina ya Vallejo ambayo hujenga utando. Hiyo huchunwa, haichubuki vizuri. Nyufa zikitokea zenyewe wakati rangi inakauka, spreyi ilikuwa nzito, na kwa kontena zee huo si msiba.

Osha, kausha saa 24, funga kwa laka ya mati kwa ukungu mwepesi.

Hatua ya 8: milango na maandishi

Milangoni rangi haina spreyi chini, kwa hiyo kutu inaongezwa juu. Chana kipande cha sponji, kichovye kwenye XF-64, kipangusie kwenye karatasi hadi kikaribie kukauka, ndipo ugonge kingo, bawaba na mikono ya nondo.

Namba ya kontena ni herufi nne, ya nne kwa kawaida U, tarakimu sita, na ya saba ya ukaguzi ndani ya kisanduku. Herufi zina kimo kisichopungua mm 100, yaani karibu mm 2.9. Chini yake andika 22G1, ambayo ni futi 20, kimo cha futi 8 na inchi 6, mizigo ya kawaida. Kwa wasiovumilia namba bandia: A ni 10, B ni 12, na kuendelea mkiruka 11, 22 na 33, zidisha kila nafasi kwa 1, 2, 4, 8 hadi 512, jumlisha, gawa kwa 11, na baki ndiyo tarakimu ya mwisho (baki 10 huandikwa 0). Stika za maji zibandikwe baada ya laka, kamwe si juu ya rangi isiyofungwa, halafu ukwangue kwa ncha ya kisu pale zinapopita juu ya mchubuko.

Hatua ya 9: michirizi na vumbi

Rangi za mafuta za wachoraji, sienna iliyochomwa (hudhurungi nyekundu) na umber iliyochomwa (hudhurungi iliyokolea), ziwekwe juu ya kadibodi nusu saa ili mafuta yanyonywe. Weka nukta ndogo chini ya mchubuko, kisha ivute chini kwa brashi bapa yenye unyevu kidogo wa tapentaini ya madini. Mchirizi uwe wima kabisa, mwembamba chini kuliko juu, na usianzie mahali pasipo na chuma kilicho wazi. Mgongo mmoja usizidi mchirizi mmoja au miwili.

Vumbi la chini ni udongo mwekundu uliokaushwa na kuchekechwa kwa soksi ya nailoni, au chaki iliyosagwa. Pakaza kwenye mhimili wa chini kwa brashi kavu, kisha gusa kwa tapentaini ili ishike. Ikiwa bado mbichi itaonekana nyeusi mno. Usiongeze wala kupunguza kitu mpaka ikauke.