Kabla Laini Haijazimwa: Mambo ya Kuzingatia Nyumbani

Tangazo la kukatwa umeme likitoka, anayepata wateja wa kwanza ni muuza mishumaa. Kosa huanzia hapo. Laini huweza kuzimwa ili cheche isiruke huko nje, huku ndani ya nyumba tunawasha mshumaa, kibatari, jiko la mkaa na jenereta. Moto haujaondoka, umehamia chumbani.

Miongoni mwa wanaozima umeme kwa makusudi ili kuzuia moto wa msituni ni watu wa California, Marekani, na wana sababu. Tarehe 8 Novemba 2018 ndoano ya chuma iliyolika kwenye mnara wa zamani wa kampuni ya PG&E iliachia waya wa msongo mkubwa. Cheche zikaangukia nyasi kavu, upepo ukazibeba, mji wa Paradise ukateketea na watu 85 wakafa. Oktoba 2019, upepo mkavu ulipotabiriwa, kampuni hiyohiyo ikazima umeme kwa wateja zaidi ya 700,000. Na upepo ukitulia umeme haurudi papo hapo: lazima mafundi waikague laini yote kwa macho, aghalabu mchana, kwa helikopta na kwa miguu, wasije wakawasha waya uliolaliwa na tawi.

Tanga laini huzimwa kwa mengine: kukata matawi kwenye mkuza, ile njia inayopita laini, kubadilisha nguzo, kusafisha vikombe vya juu ya nguzo vilivyoshika chumvi ya bahari. Lakini jikoni kwako hakuna tofauti. Friji halijui kama limezimwa kwa ajili ya mnazi wa Sahare au msonobari wa California.

Basi anza na tangazo lenyewe. Lisome mpaka mwisho, hasa orodha ya maeneo, kwa sababu umeme hukatwa kwa laini na kwa transfoma, haufuati mipaka ya mtaa. Nyumba mbili zinazotazamana Makorora, moja inaweza kuwa gizani na nyingine inaangalia mpira. Jua transfoma yako ni ipi. Ukiambiwa saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, jipange kama giza litakaa hadi saa 3 usiku, na wakati huohuo jiandae kama umeme utarudi saa 8 mchana. Hilo la pili ndilo watu hawalifikirii, nitalirudia.

Chaji simu na pawabenki usiku wa kuamkia. Weka fedha taslimu kidogo, maana wakala naye simu yake huzima. Nunua LUKU na uingize tarakimu zote 20 kabla. Mita yenye kidude cha kubonyezea ndani inaweza kugoma kupokea namba laini ikiwa imezimwa.

Maji: kama unategemea pampu ya kisima kupandisha kwenye simtanki, jaza tangi usiku. Hesabu ndoo moja ya lita 20 kwa kila mtu kwa siku, ya kunywa ikae mbali na ya chooni. Usingoje asubuhi, kila mtu mtaani atakuwa anavuta maji saa hiyohiyo.

Friji sasa. Likiwa limefungwa hutunza chakula salama kwa takriban saa 4. Friza lililojaa huhimili hadi saa 48, lililojaa nusu saa 24. Hizo ni hesabu za mlango usiofunguliwa na mpira usiochoka. Kuupima mpira ni kazi ya dakika moja: bana noti ya shilingi 1,000 mlangoni, kisha ivute. Ikitoka bila kukaza, ubaridi nao unatoka hapohapo, na kwa joto la kaskazi usitegemee hata nusu ya saa hizo. Siku mbili kabla, jaza maji chupa za lita 1.5, acha nafasi ya vidole vitatu juu maana barafu hutanuka, zigandishe, uzipange kuziba kila uwazi. Friza tupu hupoteza ubaridi haraka.

Wenye kuuza barafu na samaki wafanye na hili: gandisha maji kwenye kikombe, weka sarafu ya shilingi 200 juu ya barafu, kirudishe kikombe ndani ya friza. Umeme ukirudi, tazama. Sarafu ikiwa juu, mzigo haukuyeyuka. Ikiwa imezama mpaka chini, kila kitu kiliyeyuka kisha kikaganda upya, hata kama ukikigusa ni jiwe. Jodari na vibua ndio wabaya zaidi hapo. Wakikaa kwenye joto hutengeneza sumu isiyoondoka kwa kukaanga wala kwa kuchemsha. Mlaji huwaka uso, huwashwa mwili, kichwa hugonga. Kwa hiyo uliowanunua soko la samaki la Deep Sea asubuhi ya katizo wakaange siku hiyohiyo, au wapasue uwatie chumvi wawe ng'onda. Harufu isikuhadae, samaki mwenye sumu hiyo anaweza asinuke.

Kuna anayetumia insulini? Chupa isiyofunguliwa hukaa nyuzi 2 hadi 8, lakini isigusane na barafu, ikiganda imekufa. Inayotumika huweza kukaa nje ya friji kwa takriban siku 28 kama joto halizidi nyuzi 30, na muda kamili husomwa kwenye karatasi ya dawa. Watu husema itie kwenye chungu chenye mchanga mbichi. Dodoma ushauri huo ni mzuri. Tanga hewa imeshiba unyevu, maji hayakauki upesi juu ya chungu, na ubaridi unaoupata ni kidogo. Hapa bora chupa yenye vifuko vya barafu, dawa ikiwa imezungushiwa taulo. Mgonjwa anayetumia mashine ya oksijeni asiachwe akingoja betri: mpigie simu mhudumu wake siku moja kabla, mpange atakaa wapi.

Mwanga: taa ya sola au tochi, basi. Ukilazimika kutumia mshumaa, uwe umesimama kwenye sufuria yenye mchanga, si juu ya kifuniko cha plastiki wala ukingo wa dirisha lenye pazia, na kamwe usiwe chumba chenye chandarua kilichoshushwa. Chandarua hakiungui polepole. Mafuta ya taa usiyachanganye na petroli hata tone.

Jenereta ikae nje, si barazani wala jikoni, angalau meta 6 kutoka dirisha lolote, moshi ukielekea kule upepo unakokwenda. Jiko la mkaa nalo lisiingizwe chumbani kwa sababu ya mvua. Vyote viwili hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, hulegea, hulala, na haamki. Petroli ongeza injini ikiwa imezimwa na imepoa.

Na ule waya wenye plagi pande mbili, mmoja kwenye jenereta na mwingine kwenye soketi ya ukutani, uukate leo. Transfoma hufanya kazi pande zote: volti 230 zinazotoka kwako zikiifikia kwa nyuma hupanda kuwa maelfu kwenye waya ambao fundi ameushika akijua umezimwa. Asiyetaka kumuua mtu aweke chenji-ova, ile swichi inayochagua laini au jenereta, haiwezi vyote.

Hayo yote watu huyasikia. Linalounguza nyumba ni lile la umeme kurudi.

Tuseme ni nyumba ya Ngamiani, ukumbi katikati, vyumba sita, mita moja. Saa 3 kasoro dakika kumi dada wa chumba cha tatu anapiga pasi gauni lake juu ya godoro, kitufe kimezungushwa hadi kwenye pamba. Saa 3 kamili, kimya. Pasi inapoa. Anangoja kidogo, anaona inachelewesha, analivaa gauni na mikunjo yake. Pasi anaiacha pale godoroni, uso chini, maana ni ya baridi na haina neno. Anafunga kufuli, anakwenda Mgandini. Tangazo lilisema saa 11. Mafundi wanamaliza mapema, saa 9 alasiri laini inawashwa.

Redio ikirudi hupiga kelele. Taa ikirudi huonekana. Pasi hurudi kimyakimya. Kidhibiti joto kikiwa kizima itacheza karibu na nyuzi 200 mpaka mtu aje. Kikiwa kimeganda, itapanda tu. Sponji ya godoro haianzi kwa miale. Inasinyaa, inafuka moshi mzito wenye sumu, na moshi huo humwangusha mtu kabla moto haujamfikia. Kama mtoto alikuwa amelala chumba cha pili, ukuta usiofika darini haumkingi. Majirani wanasikia harufu, kila mmoja anadhani ni ya jikoni kwa mwenzake. Wakija kugundua, mlango una kufuli, dirisha lina nondo, na meni swichi iko chumbani kwa mwenye nyumba aliyekwenda Muheza.

Hesabu makosa hapo. Pasi moja tu ndiyo iliyosahauliwa, yaliyobaki ni ya mpangilio. Kwa hiyo kabla ya siku ya katizo, nyumba nzima ikubaliane: meni swichi ifikike bila ufunguo wa mtu mmoja, na kila aliye na akili timamu, pamoja na watoto wa darasa la nne kwenda juu, aoneshwe inavyoshushwa. Moto ukianza, meni kwanza, maji baadaye. Mafuta yakishika moto kwenye sufuria funika kwa kifuniko, usimwage maji. Namba ya zimamoto ni 114, iandike ukutani kwa kalamu kubwa.

Umeme ukikatika, yule aliyebaki nyumbani apite chumba kwa chumba achomoe plagi: pasi, jiko la umeme, hita ya ndoo, birika. Achomoe, asibonyeze swichi tu, kwa kuwa gizani na bila taa huwezi kujua swichi imeelekea wapi. Hita ya ndoo ni ndugu wa pasi: maji yameogewa, hita imebaki imening'inia kwenye plastiki tupu. Na haya yote hayangoji tangazo. LUKU ikiisha mtu akiwa anapiga pasi, kisha mwingine akanunua jioni kwa simu, ni hadithi ileile.

Sasa kuwasha. Usishushe meni swichi ukakaa hujui umeme umerudi lini. Shusha swichi ndogo za soketi zote, acha ya taa peke yake, na taa moja ikiwa imewashwa. Itakuambia. Ikiwaka, ngoja dakika 10 na uitazame. Ikiwa inang'aa kupita kawaida, au imefifia, au inapanda na kushuka jirani anapowasha kitu, shusha meni mara moja na utoe taarifa. Hiyo mara nyingi ni nyutro, waya wa kurudishia umeme, iliyolegea au kukatika, na huweza kutokea baada ya kazi kwenye nguzo. Nyutro ikipotea, nyumba iliyozoea volti 230 huweza kupokea karibu 400, na televisheni, chaja na friji huondoka kwa mkupuo mmoja. Taa ya elfu mbili ikiungua si hasara.

Taa ikitulia, pandisha soketi moja moja. Friji liwe na frijigadi, kile kifaa cha kuchelewesha umeme kuliingia, au lingoje dakika 5 kamili, kwa sababu gesi ndani ya kompresa inahitaji muda wa kusawazika. Umeme ukija, ukaenda, ukarudi ndani ya dakika moja, kompresa hushindwa kuzunguka, waya zake zikachemka mpaka zikaungua. Wale wanaochomeka kila kitu kwa pamoja kwa furaha ndio wanaokutana kwa fundi friji wiki inayofuata.

Nje ya nyumba, waya ulioanguka uhesabu kuwa una umeme hata kama mtaa wote uko gizani. Weka watoto na mbuzi mbali, simamisha mtu wa kuzuia wapita njia. Anayesafisha shamba kule Muheza au Pangani asichome majani chini ya laini: moshi mzito na miale hupitisha umeme kutoka waya hadi waya, na nguzo ya mti hushika moto kwenye shina. Palilia mzingo wa nguzo iliyo shambani kwako kabla ya kiangazi. Mnazi unaoegemea waya usiupande kuukata mwenyewe, hata siku ya katizo, maana saa ya kurudi umeme huijui.

Na usiku huo kabla ya kulala, pita kwenye kila soketi iliyokuwa na kazi, uiguse juu ya plastiki kwa mgongo wa kiganja. Iliyo na joto, shusha swichi yake, isichomekwe kitu mpaka fundi aifungue.