Mti Uliopukutika Wakati wa Kaskazi Si Kuni

Kila mwaka, kati ya Januari na Machi, wakulima wa Rabai, Jibana na Kwale, pwani ya Kenya, husafisha mashamba yanayopakana na makaya, yaani misitu mitakatifu ya Mijikenda, wakingojea masika. Panga hufyeka kila kilichosimama bila majani, jioni biwi linawashwa. Ndani ya biwi hilo mna miche ya mbambakofi, mvule na msufi mwitu iliyokuwa hai kabisa. Kosa hili linachangia kutumalizia misitu ya pwani pole pole, na mkulima mwenyewe ndiye anayepoteza mbao, kivuli na rutuba.

Miti hii hupukutisha majani kwa makusudi. Jani ndilo linalopoteza maji mengi, kwa hiyo ardhi ikikauka mti huvuta chakula kutoka kwenye majani, hukiweka kwenye shina na mizizi, kisha huyaangusha. Mche mdogo huenda mbali zaidi. Mrihi, mti unaotawala sehemu mojawapo ya msitu wa Arabuko-Sokoke, unaweza kukauka juu kabisa msimu wa kiangazi na mzizi ukabaki hai chini, kisha ukachipua upya mvua ikirudi. Kijiti chenye unene wa penseli unachokikata kwa pigo moja huenda kimekalia mzizi wa miaka kadhaa, mnene kuliko kidole gumba. Ukikikata, mti hutumia akiba ya mzizi kuchipua tena. Ukikata mwaka ujao, hutumia iliyobaki. Baada ya mara kadhaa akiba huisha na mzizi hufa, ndipo unaposema, "Si niliwaambia umekufa?"

Na usiseme ni miche ya msituni, haikuhusu. Makaya ya Mijikenda, ambayo 11 kati yake yaliingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008, ni vipande vidogo vilivyozungukwa na mashamba. Hondohondo huchukua mbegu za mbambakofi, popo huchukua za mvule, zikaangukia shambani kwako. Mche ulio mpakani mwako ndio msitu wa kesho.

Kabla ya kuinua panga, pima. Kazi hii haichukui dakika mbili kwa mti mmoja, kwa hiyo kisingizio cha "sina muda" hakikubaliki. Chukua kisu kidogo chenye ncha, au ukucha kwa mche laini. Kwangua gamba la nje tu, urefu wa sentimita 1 na upana usiozidi milimita 3. Anza karibu na ncha ya tawi, kisha katikati ya shina, kisha sentimita 5 juu ya udongo. Rangi ya kijani na unyevu chini ya gamba maana yake sehemu hiyo i hai. Rangi ya kahawia iliyokauka maana yake sehemu hiyo imekufa, lakini hiyo sehemu tu! Wengi hukwangua ncha, wakaona kahawia, wakafyeka mche mzima. Ncha hufa kwanza.

Zikiwa kahawia zote tatu, fukua udongo kwa mkono hadi sentimita 5 au 8 shina linapokutana na mzizi, ukwangue hapo. Kisha rudisha udongo siku hiyo hiyo, usiuache mzizi juani. Usikwangue kuzunguka shina lote kama pete, maana utaukata mti njia ya chakula na kuuua wewe mwenyewe. Na usipige mti mkubwa panga ili "kuujaribu", tafuta kitawi.

Hata hapo bado usihukumu. Manyunyu ya kwanza ya mwisho wa Machi si masika. Ngoja wiki 6 hadi 8 baada ya mvua kukolea, yaani mwisho wa Mei. Ikiwa hakuna chipukizi hata moja kuanzia ardhini, ung'oe.

Njia rahisi kuliko zote ni kuweka alama mapema. Mwezi wa Novemba au Desemba, majani yakingali yapo na kila mti unajulikana, simika vigingi viwili vya urefu wa mita 1 kando ya kila mche na ufunge kitambaa chenye rangi kali. Mwambie kibarua kabla hajaanza kazi. Palilia duara la mita 1 kwa mkono, bila jembe, na usichome chochote ndani ya mita 10. Majani yaliyoanguka yaache, lakini yasogeze sentimita 10 kutoka kwenye shina, mchwa wasipate daraja.

Wapo pia wanaoona mti mtupu wakaumwagia ndoo kila jioni. Mti usio na majani hunywa kidogo sana, na udongo mzito ukiloa muda wote mzizi huoza. Usimwagilie mche ulioota wenyewe.

Ukiona vichipukizi vyekundu au kijani hafifu, umefaulu.

Kama umeshakata, usikate tamaa wala usichome kisiki. Kisawazishe kwa msumeno mkali, kwa mshazari, sentimita 5 hadi 10 juu ya ardhi. Chipukizi zitatoka nyingi. Ziache zote hadi zifike sentimita 50, kisha bakiza moja au mbili zilizo chini kabisa na zenye nguvu. Zile za juu ya kisiki hubanduka upepo wa kusi unapovuma.