Somo: Kurekodi video kwa kamera ya picha (natumia Canon 600D)

Wadau, wengi wenu picha mnapiga vizuri, lakini mkiombwa video mnakimbilia kukodi kamera nyingine. Hiyo uliyonayo inatosha. Nikon D90 ndiyo iliyofungua njia mwaka 2008, na hii 600D ya mwaka 2011 hadi leo inanilisha.

Hatua ya 1. Zungusha gurudumu la juu hadi alama ya video. Kwenye menyu weka PAL (mfumo wa video unaoendana na umeme wetu), si NTSC, kisha 1920x1080 kwa fremu 25 kwa sekunde. Mwangaza uweke Manual, kamera isikuamulie.

Hatua ya 2. Shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu) weka 1/50 ya sekunde na uiache hapo. Hapa ndipo wapiga picha wengi tunapokosea, maana mkono umezoea kuichezea kila mwanga unapobadilika. Sendoff ya binamu yangu niliirekodi kwa 1/80, ukumbi wenyewe una tyubulaiti. Kufungua klipu nyumbani, naona mistari ya giza inapanda usoni kwa bibi harusi, kuanzia anaingia hadi keki inakatwa. Nilihangaika na programu wiki nzima, haikutoka. Sababu ni umeme wetu wa 50 Hz: taa hizo huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, ukiwa unaziangalia huoni, ila kamera inaona. Kwa 1/50 au 1/100 kila fremu inapata mapigo kamili ya mwanga, na mistari haitokei. Tena ukipandisha hadi 1/500, mwendo wa wanaocheza muziki utaonekana wa kushtuka-shtuka, si laini.

Hatua ya 3. Mwanga urekebishe kwa f (upana wa tundu la lenzi) na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) tu. ISO ikipita 1600 chenga zinaanza.

Hatua ya 4. Fokasi ifanye kwa mkono. Kuza picha kwenye skrini mara 5 au 10, zungusha fokasi hadi jicho la mtu lionekane wazi bila ukungu, ndipo ubonyeze kurekodi. Kamera iwe juu ya stendi.

Hatua ya 5. Sauti. Nawaomba hapa msifanye uvivu, kwani mtazamaji huvumilia picha yenye chenga kuliko hotuba ya baba mzazi isiyosikika. Maiki ya ndani ya kamera inadaka hata kidole chako kikigusa lenzi. Tundu la maiki ya nje lipo ubavuni, ila la hedifoni halipo, kwa hiyo rekodi nusu dakika, cheza, sikiliza, ndipo uendelee. Maiki ya kubana ibane mbali na mtandio. Ule mchakacho wa kitambaa hautoki tena.

MASWALI

Swali: Mkuu, yangu inakata yenyewe katikati ya hotuba. Imeharibika?
Jibu: Hapana. Klipu moja haizidi GB 4, yaani kama dakika 12. Watu wakipiga makofi, simamisha na uanze klipu mpya. Ikikata baada ya sekunde chache tu, memori kadi ni ya polepole. Tumia Class 10.

Swali: Mchana juani, kwa 1/50 picha inaungua, nyeupe tupu. Nipandishe shata?
Jibu: Usipandishe kwanza. ISO 100, f/11 au f/16. Bado? Funga kichujio cha ND (kioo cheusi cha kupunguza mwanga) mbele ya lenzi. Kama huna, wahamishie watu chini ya mwembe, na nyuso zitapendeza zaidi.

Swali: Sina hela ya maiki, mwalimu. Simu inafaa?
Jibu: Inafaa sana, dada. Washa kinasa sauti, mzungumzaji aiweke mfuko wa shati, na uizime mtandao isipigiwe. Kamera ikishaanza kurekodi, piga kofi moja mbele ya lenzi. Wakati wa kuediti, linganisha mlio wa kofi na fremu viganja vinapokutana, kisha nyamazisha sauti ya kamera.

Swali: Na anayetembea kuja kwangu nimfuateje kwa fokasi?
Jibu: 600D haimfuati yenyewe. Weka f/8, fokasi iwe pale atakaposimama, umsubiri.