Mlo mmoja wa ghali Paris, uule mchana

Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Ngamiani, Tanga. Pilau ya harusi na samaki wa kupaka ndivyo vinavyoniweka mjini. Nikisafiri, pesa yangu haiendi kwenye viatu. Inaenda kwenye mkahawa mmoja mkubwa, mara moja, kwa nia kabisa. Dada mmoja wa upatu wetu anakwenda Paris kumwona mwanawe, basi haya namwandikia yeye na kila mwenye safari.

Pesa ya mlo itenge kabla hujaondoka. Mimi naitilia kibubu chake, siichanganyi na ya zawadi. Ukikaa mezani huku unapiga hesabu ya teksi, ladha huipati.

Nenda mchana. Mikahawa mingi ya Ufaransa, hata yenye nyota za Michelin, kile kitabu kinachopima ubora wa mikahawa, ina menyu ya mchana ya bei moja, nafuu kuliko ya usiku, na jiko ni lile lile. Bei hubandikwa nje kwa sheria, kwa hiyo pita siku moja kabla uisome kwa utulivu. Buku meza mapema. Wakikuandikia 12:30, hiyo ni saa sita na nusu. Wengi huomba namba ya kadi, na usipotokea wanakukata pesa, hivyo benki yako ijue mapema kwamba kadi itatumika nje.

Sasa hapa twende taratibu, maana wengi wetu ni Waislamu na ndipo tunapokwama. Usingoje ufike mezani ndipo useme huli nguruwe wala hutumii pombe. Andika siku ile ile unapobuku. Divai haiishii kwenye glasi. Ile sosi ya siagi wanayomwekea samaki, beurre blanc, huanza na divai nyeupe na siki, zinachemshwa na vitunguu vidogo mpaka zinakaribia kukauka, ndipo siagi ya baridi inaingia kipande kwa kipande. Kwa kuionja tu huwezi kujua. Vitamutamu vya kugandishwa navyo, vingi hutiwa jelatini, kigandishi kinachotolewa kwenye ngozi na mifupa ya wanyama, na ya nguruwe ni ya kawaida sana Ulaya.

Mpishi akijua mapema ana nafasi ya kukupikia kingine. Mimi nilitengenezewa sosi ya limau na supu ya mifupa ya samaki. Mhudumu aliileta kwenye kijagi, akaimimina mbele yangu kuzunguka samaki, si juu yake, ili ngozi isilegee. Nikamuuliza mifupa imechemka muda gani. Akaenda jikoni, akarudi na jibu: dakika 20, ikizidi hapo supu inaingia uchungu. Nawe uliza, dada yangu. Anayejua kazi yake hufurahi kuulizwa.

Mkate hauna malipo, ufutie sosi yote bila haya. Maji sema *une carafe d'eau*, utaletewa jagi la maji ya bomba, bure.

Bili ya Ufaransa imeshabeba kodi na huduma. Bakshishi ni hiari, euro chache zinatosha. Ukienda Marekani ni mambo mengine, huko ongeza asilimia 15 hadi 20. Na mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa euro au kwa shilingi, bonyeza euro, kwa sababu kiwango cha kubadilishia cha mashine ile kwa kawaida kinakuumiza.