Chagua lamineti ukiwa umepiga magoti sebuleni kwako

Huu ni mwaka wa tisa natandika lamineti, zile mbao za sakafu zinazotengenezwa kiwandani, hapa Mtwara, kuanzia Chikongola na Chuno mpaka Mikindani, na mara chache nimeitwa Lindi. Mara nyingi naitwa mambo yakiwa yameshaamuliwa: maboksi yamepangwa ukumbini, rangi imeshanunuliwa, hela ya korosho imeshatoka. Ningependa mtu aniite wiki mbili kabla. Sakafu ikishalala chini utaishi nayo miaka, na boksi likishafunguliwa halirudi dukani.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja kabla ya mengine yote: usichagulie dukani. Dukani kuna taa nyeupe kali na kipande kimesimamishwa ukutani, wakati wewe utakikanyaga. Omba sampuli, hata ya urefu wa shubiri. Ukinyimwa, nunua boksi moja tu. Kilaze kipande chini, pale kochi linapokaa, ukiangalie asubuhi, mchana, na usiku taa zikiwa zinawaka. Nyumba zetu nyingi zina baraza pana mbele, ndiyo maana sebule inakuwa na kiza hata jua likiwa utosini. Rangi ya kahawia iliyokufurahisha dukani inaweza kukuonyesha weusi mtupu hapo ndani.

Kisha toka uani, chota mchanga kwa vidole vitatu, unyunyize juu ya kile kipande. Rudi nyuma hatua tatu. Unauona? Kama unauona, utauona kila siku ya maisha yako. Sisi wa pwani mchanga wetu ni mweupe, basi lamineti nyeusi haiusitiri hata kidogo. Walio juu Newala, kwenye udongo mwekundu, shida yao ni kinyume: lamineti nyeupe ndiyo itakayowatesa.

Hili nililijua kwa mwalimu mmoja wa Shangani. Alitaka sakafu nyeusi inayong'aa, kama kinyago cha mpingo kilichopigwa msasa mpaka kikatoa nuru. Nikamtandikia, na siku ile ilipendeza kweli. Wiki mbili baadaye nilirudi kumalizia skatingi, vile vibao vinavyozunguka chini ya ukuta, nikamkuta amepiga magoti na kitambaa mkononi. Kuanzia mlangoni hadi jikoni zilikuwa zimechorwa nyayo, kila moja na vidole vyake vitano, kisigino kimetoka wazi kama muhuri. "Fundi," akaniambia, "nafuta huku, wanangu wanakanyaga kule." Pale kizingitini, mchanga ulikuwa umeshaanza kuchora mikwaruzo ya mviringo, mlango ulikofunguka na kufungwa. Nilipaswa kumwambia mapema, sikumwambia. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, na ndilo linalonifanya niandike haya.

Basi kwa nyumba ya pwani, achana na inayong'aa. Chukua iliyofifia, na bora zaidi yenye mistari ya mbao unayoisikia ukiipapasa kwa kiganja. Hiyo mistari inavunja mwanga, na alama ndogo za miguu hazisimami peke yake. Lakini isiwe na mabonde makubwa, kwa sababu mchanga utaingia humo na fagio halitautoa.

Kwa upande wa rangi, lazima ujue unanunua nini. Lamineti si ubao wa mti mmoja. Katikati kuna nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa nguvu, juu yake karatasi yenye picha ya mbao, na juu kabisa utando mgumu wa melamini unaoilinda picha. Picha nyingi madukani ni za mwaloni, mti wa huko Ulaya, wenye rangi ya majani makavu. Ukienda kutafuta picha itakayofanana na milango yako ya mninga, utahangaika bure. Wekundu wa mninga halisi hubadilika kadiri miaka inavyokwenda, picha haibadiliki hivyo. Zikikaribiana sana bila kulingana, jicho linaona kosa. Mimi husema: shuka au panda ngazi mbili. Mlango ukiwa mwekundu wa kahawia, sakafu iwe ya rangi ya asali hafifu, au ya ganda la korosho lililokauka. Nyumbani kwa mama yangu Mikindani nilimwekea rangi hiyo ya ganda la korosho, na milango ya mninga ikaonekana kuliko hata ilivyokuwa mpya. Zile za kijivu zinazopendwa siku hizi zinakaa vizuri kwenye kuta nyeupe. Kwenye kuta za krimu au za njano hugeuka kama saruji mbichi. Lakini usiniamini mimi, kiamini kipande chako.

Upana wa ubao nao una kazi yake. Chumba cha mita tatu kwa tatu kikiwekewa mbao pana sana, zitaonekana chache tu nzima na chumba kinabana. Mbao za wastani zinatosha. Mbao pana zipe sebule kubwa. Zilizokatwa ukingo, zenye kijimfereji kati ya ubao na ubao, zinafanana zaidi na mbao za kweli na huficha tofauti ndogo ya usawa wa sakafu. Kasoro yake ni vumbi kwenye vifereji. Mtindo wa kukutanisha mbao kama mifupa ya samaki ni mzuri mno, ila unakula mbao nyingi kwa vipande vya pembeni na unahitaji fundi mvumilivu. Mbao zielekeze kufuata mwanga unakotokea dirishani, viungo havitaonekana sana.

Kitu ambacho wengi hawakiangalii: picha inajirudia. Kabla hujalipa, omba maboksi matatu yafunguliwe, tandaza mbao zote chini, utafute kile kifundo kimoja cha mti. Ukikiona kwenye kila ubao wa tatu, sakafu nzima itaonekana kama kitenge. Tafuta aina yenye picha nyingi tofauti, na fundi achanganye mbao kutoka maboksi matatu au manne kwa pamoja.

Ugeuze ubao uangalie kichwa chake kilipokatwa. Kahawia ya mbao iliyoshindiliwa ndiyo lamineti. Ukiona kijivu kama jiwe au plastiki tupu, hiyo ni sakafu ya aina nyingine, inayovumilia maji zaidi, na wauzaji huziweka rafu moja. Kwenye boksi kuna alama ya uimara wa uso: AC3 ni ya matumizi ya kawaida nyumbani, AC4 inavumilia hata duka dogo. Kwa mchanga wetu sebuleni nachukua AC4, chumbani AC3 inatosha. Unene wa milimita 8 au 12 ni suala la sauti na uzito chini ya mguu, hauongezi ugumu wa uso. Usilipie unene ukidhani unalipia uimara.

Bafuni na chooni weka tailizi. Jikoni pia mimi huwashauri tailizi. Na kabla hujalipa chochote, pima unyevu wa zege: bandika nailoni ya mita moja ya mraba sakafuni, uizibe pande zote kwa gundi ya utepe, uiache siku tatu. Ukikuta matone chini yake au zege limegeuka jeusi, subiri. Hata zege likiwa kavu, tandaza nailoni nene kwanza, halafu sponji, ndipo mbao. Masika hapa hewa inabeba maji, mbao zinavimba. Ndiyo maana tunaacha nafasi ya milimita 10 ukutani, inayofunikwa na skatingi. Na mama mwenye nyumba aambiwe mapema: sakafu hii haipigwi deki kwa ndoo. Ni fagio laini na kitambaa kilichokamuliwa.

Hesabu ni hivi. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 ni mita za mraba 14. Ongeza asilimia kumi ya vipande vinavyokatwa, unapata 15.4. Boksi likiwa linafunika mita za mraba 2.2, unahitaji maboksi 7. Yote yawe na namba moja ya toleo, kwa sababu toleo lingine huweza kupishana rangi kidogo, na mzigo ukiagizwa Dar es Salaam si wa kurudisha kwa basi la kesho. Yakifika, yalaze bapa ndani ya chumba chenyewe saa 48, bila kuyafungua, yazoee hewa yako.

Mbao mbili tatu zitakazobaki usimpe jirani. Zilaze chini ya kitanda, zisisimamishwe ukutani zikapinda, na uandike namba ya toleo kwa kalamu upande wa nyuma.